Kimea cha Lea

Kila asubuhi kabla ya shule, nyumbani kwa akina Tupokigwe pale Uyole, Mbeya, kazi ya kupika uji ilikuwa ya Tupokigwe. Na kila asubuhi mdogo wake, Lugano, aliinua kijiko, akakitazama kwa masikitiko, kisha akasema, "Dada, leo tena una madonge."

"Si umeze tu," Tupokigwe alimjibu huku akifunga kamba za viatu. "Yakishafika tumboni nani atayaona?"

Mama yao alicheka na kutikisa kichwa. Binti huyu wa darasa la sita alikuwa mwepesi wa kila kitu. Mwepesi wa kufagia, mwepesi wa kufua, mwepesi wa kunyoosha kidole darasani kabla mwalimu hajamaliza kuuliza swali. Kwamba uwanja aliofagia ulibaki na majani pembeni, au kwamba soksi alizofua zilirudi kwenye beseni, hayo yeye hakuyatia maanani. Alichojali ni kumaliza kabla ya wenzake.

Likizo ya Juni ilipofika, safari ikaiva. Mama mdogo Eveline, kitinda mimba wa upande wa mama, alikuwa anaolewa kijijini kwao, huko Kilolo mkoani Iringa. Baba alibanwa na kazi, lakini aliwafungia gunia la mchele mzuri wa Rujewa na mkungu wa ndizi za kupika, maana mtu wa Mbeya haendi harusini mikono mitupu. Ndani ya basi, tangu Uyole mpaka Mafinga, Tupokigwe hakuwa na habari nyingine isipokuwa chakula.

"Mimi nikifika nataka msusa wa Bibi," alisema. Msusa ni majani ya maboga, na Bibi yake huyapika kwa karanga mpaka mtu anaramba sahani. "Nitakula mpaka nishindwe kuinama."

"Na mimi viazi vya kuchoma kwenye majivu," alidakia Lugano.

"Mtakula vyote," Mama alisema. "Ila kwetu wakwe hawakaribishwi kwa pilau. Wanakaribishwa kwa togwa. Togwa ikiharibika, hata ukichinja ng'ombe, watu watasema togwa tu."

Walifika Kilolo jioni, ukungu ukiwa umeshashuka mabondeni na baridi ikiuma masikio. Bibi Sabina aliwapokea mlangoni akiwa amejifunga vitenge viwili na sweta juu yake. "Kamwene, wanyalukolo! Kamwene, ndugu zangu!" aliita, akawakumbatia wote kwa pamoja, na mkungu wa ndizi nao ukakumbatiwa humo humo.

Pembeni yake alisimama Lea, binti wa mjomba Clement, aliyelingana na Tupokigwe kwa umri lakini si kwa mwendo. Lea alikuwa mtu wa polepole. Alisalimia polepole, akacheka polepole, na asubuhi iliyofuata akamshika Tupokigwe mkono na kumpeleka jikoni kumwonyesha kitu chake cha fahari. Kilikuwa ndoo ndogo yenye mfuniko.

"Nusa," alisema.

Tupokigwe alinusa. Ndani mlikuwa na unga wa hudhurungi, wenye harufu tamu kama ya mkate.

"Kimea," Lea alieleza. "Cha togwa ya harusi. Nimeotesha mwenyewe. Nililoweka ulezi, nikaufunika kwa gunia, nikawa naunyunyizia maji asubuhi na jioni mpaka ukatoa vijimizizi vyeupe. Halafu nikauanika, tukausaga. Bibi hajawahi kumwachia mtoto kazi hii. Mimi ndiye wa kwanza."

"Siku zote hizo kwa ajili ya unga huu?" Tupokigwe alishangaa. "Si bora kutia sukari, mambo yakaisha?"

Lea alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe ametaga yai.

Siku hiyo ilikuwa ya maandalizi, kwani harusi ilikuwa kesho yake. Uwanja mzima ulijaa akina mama wa jirani, wengine wakimenya viazi, wengine wakichambua njegere. Katikati ya jiko la nje, juu ya mafiga, sufuria kubwa ya shughuli ilikuwa inatokota uji mwepesi wa mahindi. Bibi aliuonja, akaamuru ushushwe, kisha akamwita Tupokigwe mbele ya wote.

"Lea ametuoteshea kimea," alisema. "Wewe, mjukuu wangu wa Mbeya, ndiye utakayekikoroga, ili kila upande uwe na mkono wake. Na kwa desturi ya nyumba hii, aliyekoroga togwa ya harusi ndiye anayekunywa wa kwanza mbele ya wakwe. Anawaonyesha kwamba ni salama na ni tamu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi!" Tupokigwe aliruka. Yeye, mbele ya wakwe! Lea, aliyekuwa ameshika ndoo yake, alitabasamu kidogo tu.

"Basi sikiliza na hili," Bibi aliendelea. "Wakwe zetu hawa hawagusi pombe. Togwa ndiyo heshima yao yote. Na kuna Mzee Ezekia, babu yake bwana harusi, huyo akiionja anajua hata kuni zilizotumika. Sitaki aseme kwamba wameoa kwenye nyumba isiyojua kupokea watu. Kwa hiyo uji huu umechemka sawasawa, mwiko umeoshwa, mikono yako imeoshwa. Funika, usubiri upoe. Chovya kijiko kisafi, dondoshea uji kwenye kifundo cha mkono kama unavyompimia mtoto mchanga. Ukiona ni vuguvugu, haukuunguzi, ndipo utie kimea na kukoroga. Usikitie ukiwa moto."

"Uji naujua mimi, Bibi," alisema Tupokigwe. "Nyumbani napika kila siku."

Lugano, aliyekuwa akichezea majivu karibu, alikohoa.

Bibi alikwenda kupokea wageni. Lea alifuatana na wanawake kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye maji mwaka mzima, kuchuma msusa. Tupokigwe alibaki na sufuria yake. Alidondoshea uji mkononi. Moto. Akakaa. Akadondoshea tena. Bado moto. Sufuria ya harusi si sufuria ya uji wa watu wanne. Kuipoza ni kazi ya kukaa na kutulia, na kutulia ndiko kulikomshinda Tupokigwe tangu azaliwe.

Mara vikasikika vigelegele kutoka nyumba kubwa. "Fundi Liberatus amefika! Amekuja na magauni!"

Tupokigwe alisimama. Yeye na Lea walikuwa wamepangwa kuwa wabeba maua, na magauni yao yalishonwa kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu. Je, kama lake halimtoshi? Je, kama amepewa mwingine? Akachungulia nyumbani, akachungulia sufuria. Akadondoshea uji tena mkononi na kuung'ata mdomo. Bado unaunguza.

Hapo akili yake nyepesi ikamletea neno la kumsaidia. Shuleni wamefundishwa kwamba moto unaua vijidudu, sivyo? Basi uji wa moto ni bora kuliko uji wa vuguvugu. Wazee wana mambo yao ya zamani. Akafunua ndoo ya Lea, akamwaga kimea chote, akakoroga harakaharaka, akafunika, akatoka mbio.

Gauni lilikuwa la njano, lina mkanda mweupe kiunoni, na lilimkaa kama aliyezaliwa nalo. Mama mdogo Eveline, mwenye nywele nusu zimesukwa, alimzungusha mbele ya kioo. Tupokigwe alifurahi mpaka akasahau kabisa habari ya uji.

Alasiri Bibi alikwenda kutazama togwa, na wanawake wakamfuata, maana kila mmoja alitaka kuonja. Lea alitangulia, amekamata kikombe. Bibi akafunua.

Uji ulikuwa mzito kuliko ulivyoachwa. Haukulainika hata kidogo. Bibi alichomeka mwiko katikati, akauachia, na mwiko ukasimama wenyewe. Mtu mmoja akaguna. Bibi alionja kidogo, kisha akamgeukia Tupokigwe.

"Ulisubiri ukapoa?"

"Ndiyo, Bibi."

Jibu lilitoka haraka, kama kazi zake zote. Angetamani kulirudisha kinywani, lakini lilikuwa limeshatoka.

Bibi alishusha pumzi. "Basi ni kimea. Lea, mwanangu, ulezi ulikauka vizuri? Baridi hii, labda ulishika ukungu."

"Sijui, Bibi," Lea alisema kwa sauti ndogo. "Mimi niliona umekauka."

"Mtoto ni mtoto," alisema Mama Yusta, jirani ambaye ulimi wake haukuwa na breki. "Kimea cha harusi ni kazi ya watu wazima. Haya, sasa tuwapokee wakwe kwa soda, kama wapita njia?"

"Basi, Yusta," Bibi alimkatiza. Lakini hakumwita Lea karibu, na hakusema tena kitu juu ya kimea. Lea aliweka kikombe chini, akachukua ndoo yake tupu, akaondoka bila kumtazama mtu.

Chakula cha mchana kilichochelewa kikaletwa. Ugali, kuku wa kienyeji, na bakuli zima la msusa wa karanga, ule ule ulioimbwa tangu Uyole. Tupokigwe alitia tonge la kwanza mdomoni. Likakaa tu mdomoni, haliendi mbele wala nyuma. Akalimeza kwa maji.

"Dada, huli?" Lugano aliuliza, mkono wake ukiwa umeshafika kwenye sahani ya dada yake. "Nipe mimi. Lea naye hali. Yuko nyuma ya ghala analia. Nimempa kiazi changu cha majivu, amekataa. Kiazi kizima!"

Tupokigwe alimsukumia sahani, akainuka.

Lea alikuwa ameketi juu ya gogo nyuma ya ghala, ndoo miguuni. Alikuwa akipekua gunia lile alilofunikia ulezi, akichambua vijimizizi vilivyokauka na kuvitazama kimoja kimoja, akitafuta kosa lake.

"Sioni ukungu," alisema bila kuinua macho. "Nimetazama kote. Labda nilinyunyizia maji mengi. Au kidogo. Bibi hatanipa tena kazi hii, Tupo. Na sijui hata nilikosea wapi, kwa hiyo siku nyingine nitakosea tena pale pale."

Tupokigwe alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kama Lea angemtukana, au hata kumshuku, ingekuwa afadhali. Lakini Lea alikuwa anatafuta kosa ambalo halipo.

"Usitafute tena," alisema. "Kimea chako hakina kosa. Nilikitia uji ukiwa moto. Nilikuwa nakimbilia gauni."

Lea aliinua uso. Aliliweka gunia chini, kwa namna yake ile ya polepole. "Lakini ulimwambia Bibi ulisubiri."

"Nilimdanganya."

"Na ukaniacha nisimame pale."

"Ndiyo," alisema Tupokigwe, na machozi yakamtoka. "Nisamehe, Lea. Nakwenda kumwambia sasa hivi."

Alikwenda kweli, na safari hii hakukimbia. Bibi alikuwa uwanjani na akina mama, viazi vikimenywa, na Mama alikuwa ameketi naye. Ingewezekana kumvuta Bibi pembeni na kumnong'oneza. Tupokigwe aliliwaza hilo. Kisha akakumbuka kwamba Lea hakulaumiwa pembeni.

"Bibi," alisema, "si kimea kilichoharibu togwa. Ni mimi. Sikusubiri uji upoe. Halafu nikasema uongo. Lea hana kosa lolote."

Visu vilisimama. Mama aliruka kutoka kwenye kigoda. "Tupokigwe! Umenitia aibu mbele ya watu, usiku wa kuamkia harusi ya mdogo wangu!"

"Kaa chini, Mama Tupo," Bibi alisema. "Bado ni mchana. Aibu ingekuwa kesho, mbele ya wakwe. Leo ni kosa." Akamtazama mjukuu wake, na hakuwa akicheka. "Kwa nini ulikitia ukiwa moto?"

"Nilitaka kuona gauni. Halafu nikajiambia kwamba moto unaua vijidudu."

"Unaua, mwalimu wako hakukosea. Ndiyo maana tulichemsha uji kwanza. Lakini hata kimea kina nguvu yake ndani, ile iliyoifanya mbegu iote. Ukikitupa kwenye moto, nguvu hiyo unaiua nayo. Shuleni walikufundisha nusu, na mimi nikakuongezea nusu ya pili, ukaitupa." Akainua sauti. "Lea! Njoo hapa, mama."

Lea akaja, macho mekundu. Bibi akamshika mkono, akamsimamisha pale pale penye watu.

"Nilikulaumu mbele ya hawa wote, kwa hiyo nakutakasa mbele ya hawa wote. Kimea chako kilikuwa kizuri. Nisamehe na mimi, sikuuliza vya kutosha. Yusta, una neno?"

Mama Yusta alikohoa, akajifanya kiazi chake kina jicho gumu. "Nilisema haraka," alikiri. "Kumbe wenye haraka si watoto wa Mbeya peke yao." Wanawake wakaangua kicheko, na hata Lea akatabasamu.

"Togwa haijafa," Bibi alisema. "Uji ukipashwa na kulegezwa kwa maji yaliyochemka, ukapoa tena, ukipata kimea kizima utakubali. Tatizo ni kimea. Kuotesha kingine hakuna muda. Ninayemjua anacho ni Mama Faustina pale mtoni, na amekiweka kwa kipaimara cha mjukuu wake. Wewe uliyekimaliza, kakiombe."

Tupokigwe na Lea waliteremka pamoja. Mama Faustina, mama mnene mwenye kofia ya sufu, aliwasikiliza akiwa mlangoni. "Kimea?" alishangaa. "Si Lea ameotesha? Nilimwona akikianika."

Tupokigwe akasimulia upya, neno kwa neno, pamoja na uongo wake. Haikuwa rahisi zaidi kwa mara ya pili. Mama Faustina alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na mfuko.

"Ungeniambia kimeharibika tu, nisingekupa, maana ningejua mtaharibu na hiki," alisema. "Sasa najua kosa lilikuwa wapi. Chukueni. Lakini kipaimara nacho kinakuja. Utanioteshea kingine kabla hujarudi kwenu, wewe mwenyewe, asubuhi na jioni. Lea atakusimamia."

"Nitaotesha, Bibi. Shikamoo, asante," Tupokigwe alisema, akichanganya salamu na shukrani kwa furaha.

Waliporudi, kikundi cha matarumbeta kilikuwa kimefika na watoto wote wa kijiji walikuwa nyuma yake wakicheza. Lugano ndiye aliyekuwa mbele, anapuliza faneli ya mafuta ya taa aliyoiosha mwenyewe. Tupokigwe aliyasikia matarumbeta yale hadi ndani ya mifupa. Vidole vya miguu vilicheza vyenyewe ndani ya viatu. Lakini alikaa kando ya sufuria, na Lea akakaa naye. Alidondoshea uji mkononi. Moto. Wakazungumza habari za shule. Akadondoshea tena. Bado. Wakazungumza habari za Lugano, na hizo ni ndefu.

Hatimaye tone likatua kwenye kifundo cha mkono na halikuuma. "Vuguvugu," alisema. Hakuamini peke yake. Akamdondoshea na Lea.

"Vuguvugu," Lea alikubali.

Wakatia kimea kwa zamu. Tupokigwe akakoroga polepole. Mwanzoni mwiko ulikuwa mzito. Kisha, kidogokidogo, ukaanza kuwa mwepesi mikononi mwake, uji ukilegea na kulainika kama unaofunguka. Alimtazama Lea macho yamemtoka. "Unaona? Unaona?"

"Naona. Kina kazi yake," alisema Lea.

Kwa kuwa baridi ya Kilolo ingeizuia togwa kuiva, Bibi aliamuru sufuria ivikwe mablanketi. Lililokuwa karibu zaidi lilikuwa la Lugano, na malalamiko yake yalisikika mpaka kanisani.

Kesho yake, baada ya ibada, wakwe waliingia uwanjani kwa nyimbo. Walipoketi, Bibi aliita, "Aliyekoroga togwa aje!" Tupokigwe alitoka na gauni lake la njano, na hakutoka peke yake. Alimshika Lea mkono.

"Tumekoroga wawili, Bibi," alisema.

Bibi akajaza kikombe kimoja. Lea akanywa, Tupokigwe akanywa. Ilikuwa tamu, laini, na uchachu mdogo kwa mbali unaomfanya mtu atake tena. Kisha kikombe kikajazwa kwa ajili ya Mzee Ezekia. Mama mdogo Eveline, chini ya shela lake, alinyoosha shingo kutazama. Mzee alikunywa, akafumba macho, akanywa tena mpaka chini, akakirudisha kikombe.

"Mbona mmenipa kidogo?" aliuliza.

Vigelegele vikapaa mpaka kuku wakakimbia.

Jioni, walipokuwa wakiosha sufuria, Tupokigwe alimwuliza Bibi alichokuwa akijiuliza mchana kutwa. "Bibi, kama ningenyamaza jana, ungejua?"

"Ningejua baadaye, na tungekuwa tumewapa wakwe soda, na Lea angebaki na jina baya," Bibi alisema. "Kosa lako na uji wako ni kitu kimoja, mjukuu wangu. Ulilisema lingali vuguvugu, tukalirekebisha. Ungeliacha lilale, asubuhi lingekuwa limeganda na mwiko umo ndani. Kukosea watu wote tunakosea. Ila usimwache mwenzako asimame mahali pako, hata kwa dakika moja."

"Sitamwacha tena, Bibi."

"Basi nenda kalale. Alfajiri una ulezi wa kuloweka."

Tupokigwe alikumbuka kimea cha Mama Faustina, akaguna, kisha akacheka. Kutoka chumbani Lugano aliita kwa sauti ya uchungu, "Dada! Blanketi langu linanuka togwa!" Na baada ya kitambo, kwa sauti nyingine: "Lakini linanukia vizuri."